Bahari Imekwenda, Kamera Imebaki

Mwaka 1960 Bahari ya Aral, mpakani mwa Kazakhstan na Uzbekistan, ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000. Ziwa Victoria lina 68,800. Mkazi wa Mwanza, Kisumu au Entebbe hahitaji ramani ili aelewe uzito wa hesabu hiyo. Ayaondoe maji anayoyaona kila asubuhi, aziache meli zimekaa juu ya mchanga, kisha aambiwe kwamba ufuo wa karibu uko zaidi ya kilomita mia moja. Hayo ndiyo yaliyoupata mji wa Moynaq, bandari ya wavuvi ya kusini mwa Aral, katika muda usiofika umri wa mtu mmoja.

Chanzo chake kinajulikana. Mito miwili iliyoilisha bahari hiyo, Amu Darya na Syr Darya, ilielekezwa kwenye mashamba ya pamba kwa mipango iliyopangwa Moscow. Mfereji wa Karakum, ulioanza kuchimbwa mwaka 1954, peke yake uliyavuta maji ya Amu Darya mamia ya kilomita hadi katikati ya jangwa la Turkmenistan. Samaki walipokwisha, kiwanda cha kusindika samaki cha Moynaq hakikufungwa papo hapo. Kililetewa samaki wa barafu kwa treni kutoka bahari za mbali, ili wafanyakazi wasikae bure. Mwaka 1987 bahari ikagawanyika vipande viwili. Sakafu iliyobaki wazi ikawa jangwa jipya, likaitwa Aralkum, na vumbi lake la chumvi na dawa za mashambani likaanza kuingia vifuani mwa watu.

Takwimu za maafa hayo zimejaa katika ripoti za mashirika. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni sura na sauti za watu wenyewe. Mwaka 2004 binti wa Tashkent, Uzbekistan, Saodat Ismailova, aliyezaliwa 1981, alishirikiana na Mhispania Carlos Casas kutengeneza filamu kuhusu wavuvi waliobaki Aral. Waliipa jina lenye maana ya kuvua katika bahari isiyoonekana, na ikatuzwa kuwa filamu bora ya hali halisi katika tamasha la Turin. Miaka ishirini baadaye Ismailova ni miongoni mwa wasanii wa video wanaoheshimiwa zaidi duniani, na bado anarudi kwenye Amu Darya, mto uliokauka kabla ya kufika baharini.

Hayuko peke yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kizazi kizima cha wasanii wa Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uzbekistan kimeiweka kando brashi na kushika kamera. Anayeingia katika maonyesho yao, yawe Venice, Chicago au Almaty, hukuta chumba chenye giza, projekta zikitupa ukutani nyika, mito, njia za milimani na mashamba ya pamba. Kwa haraka ataona mandhari tu. Akikaa dakika kumi ataanza kuona kwamba wote wanafuatilia jambo moja: kumbukumbu za watu hukaa wapi pale vitabu vinapokuwa havisomeki, milima inapobadilishwa majina, na bahari yenyewe inapohama?

Suala la vitabu ni la kuchukuliwa kwa uzito wake kamili. Kwa karne nyingi Wauzbeki waliandika kwa herufi za Kiarabu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 dola ya Kisovieti iliwahamishia kwenye herufi za Kilatini. Mwaka 1940 ikawahamishia tena kwenye herufi za Kisirili, zile wanazotumia Warusi. Mwaka 1993 Uzbekistan huru ikapitisha sheria ya kurudi kwenye Kilatini. Babu, baba na mjukuu wa nyumba moja wakawa kila mmoja na herufi zake. Katika miaka ya 1930 kukutwa na kitabu cha herufi za Kiarabu kulitosha kumtia mtu mashakani, na familia nyingi zilivifukia ardhini au kuvificha ndani ya kuta. Mwandishi wa riwaya Abdulla Qodiriy na mshairi Cho'lpon walipigwa risasi Tashkent, siku moja, tarehe 4 Oktoba 1938. Watu wa Lamu, Mombasa na Zanzibar wanaijua sehemu ya kisa hiki, kwa kuwa majumbani mwao zimo barua na tenzi za mababu zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo wajukuu wengi hawawezi kuzisoma. Tofauti ni kwamba huku mageuzi hayo yalipitia shule na ofisi za kikoloni. Kule yaliambatana na magereza na bunduki.

Picha zinazotembea nazo zilikuwa na msiba wake. Mwenyeji wa kwanza anayejulikana kuipiga filamu nchi ambayo leo ni Uzbekistan alikuwa Khudaibergan Devanov wa Khiva. Upigaji picha alifundishwa na Wilhelm Penner, Mjerumani wa madhehebu ya Wamenno, jamii ya Wakristo iliyohamia karibu na Khiva miaka ya 1880. Mwanzoni mwa karne ya 20 Devanov alikuwa tayari anazunguka na kamera yake, akirekodi minara, mitaa na watu wa mji huo. Utawala wa khan ulipoanguka mwaka 1920 alikuwa waziri wa fedha wa jamhuri changa ya Khorezm. Kisha zikaja kamatakamata za Stalin, naye akakamatwa, na mwaka 1940 akauawa. Dola iliyomuua ndiyo hiyohiyo iliyoijenga sinema ya nchi yake na kuipa kazi.

Na kazi yenyewe ilieleweka. Katika filamu za studio za Kisovieti, jangwa lilikuwa adui wa kushindwa, mfereji ulikuwa ushindi, na mwanamke aliyevua paranja, lile vazi la kufunika mwili mzima lenye pazia la singa za farasi usoni, alikuwa uthibitisho wa maendeleo. Kampeni ya kuwavua wanawake paranja ilizinduliwa rasmi tarehe 8 Machi 1927, nguo zikachomwa moto viwanjani mbele ya umati. Wanawake wengi waliovua waliuawa na jamaa au majirani zao. Katika kazi yake ya mwaka 2020 kuhusu kampeni hiyo, Ismailova aliingia kwenye hifadhi ya filamu za Kiuzbeki, akakata vipande vya miongo mbalimbali na kuvishona upya. Mtazamaji anaziona nyuso zilezile zilizotumika kutangaza ukombozi, na sasa anaanza kujiuliza waliopigwa picha walikuwa wanafikiri nini. Hiyo ni njia ya haki ya kutumia hifadhi ya mshindi. Hakuna kilichofutwa, ila mpangilio umebadilishwa, na ushahidi umegeuka upande.

Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, viwanda vilifungwa na mishahara ikakatika. Wasanii waliozoea kulipwa na chama cha serikali walijikuta hawana mnunuzi, hawana jumba la sanaa linalowataka, hawana hata rangi. Video iliingia kwa sababu za njaa kama ilivyoingia kwa sababu za fikra. Kamera moja inaazimwa na watu watano. Kaseti inaingia mfukoni na kuvuka mpaka bila ushuru, wakati turubai la mita mbili linahitaji sanduku, karatasi za forodha na nauli. Kituo cha sanaa ya kisasa kilichofunguliwa Almaty, Kazakhstan, mwaka 1998 kwa fedha za mfuko wa tajiri Soros, chini ya Valeria Ibraeva, kiliwapa wengi nafasi ya kwanza ya kujifunza na kuonesha. Mwaka 2004 kiliandaa maonyesho ya video yaliyohusu mahali patakatifu pa Asia ya Kati, na uchaguzi huo wa mada unaeleza mengi. Watu waliokulia katika dola iliyofunga misikiti na kuyapuuza makaburi ya mawalii, walipopata kamera, walianza na ziara.

Mwaka uliofuata wakafika Venice. Kwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya sanaa ya mji huo kulikuwa na banda la Asia ya Kati, nchi tatu chini ya paa moja: Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uzbekistan. Msimamizi wake, Viktor Misiano wa Moscow, aliliita hifadhi ya sanaa ya wakati huu.

Ndani ya banda hilo walikuwamo mke na mume kutoka Bishkek, Kyrgyzstan, Gulnara Kasmalieva na Muratbek Djumaliev. Video yao iliwahusu wanawake wachuuzi wa kwenye treni. Mfumo wa zamani ulipoanguka, maelfu ya wanawake wa Asia ya Kati, wengi wao wenye elimu na kazi za heshima, waliingia katika biashara ya kubeba bidhaa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kasmalieva na Djumaliev waliwarekodi ndani ya behewa, wamechoka, wakiimba. Skrini waliziweka katikati ya rundo la yale mabegi ya plastiki yenye miraba, mepesi, yanayoingia kila kitu, ambayo Tanzania yanaitwa shangazi kaja. Aliyewahi kulala stendi akilinda mzigo wa namna hiyo haelezwi tena.

Mwaka 2006 wawili hao walitengeneza kazi yao kubwa zaidi, video ya skrini tano kuhusu Njia mpya ya Hariri, iliyooneshwa mwaka 2007 katika jumba la Art Institute of Chicago. Njia ya Hariri ni jina linalopendwa na mawakala wa utalii: ngamia, vitambaa, misafara wakati wa machweo. Kasmalieva na Djumaliev walikwenda barabarani kuangalia kinachopita sasa. Walikuta malori makuukuu ya enzi za Kisovieti, mengine yakiwa yameungwaungwa, yakipanda milima kuelekea China yakiwa yamesheheni chuma chakavu. Upande wa pili yakiteremka malori makubwa ya Kichina, mapya, yamejaa nguo na vyombo vya bei nafuu. Chuma kile ndicho kilichokuwa mitambo ya viwanda. Nchi ilikuwa inang'olewa vipande na kuuzwa kwa uzito, na bidhaa zilizorudi ziliishia kwenye masoko kama Dordoi, nje ya Bishkek, soko lililojengwa kwa makontena ya meli yaliyopangwa moja juu ya jingine, la chini duka, la juu stoo, katika nchi isiyopakana na bahari yoyote.

Nguvu ya kazi hiyo iko katika subira. Hakuna sauti ya msimulizi anayeeleza nani mwema na nani mbaya. Skrini tano kwa pamoja zinamfanya mtazamaji ageuze shingo kama abiria wa dirishani, na polepole anaanza kuwaona madereva kama warithi halali wa wale wa misafara, wakiwa na hofu zilezile: theluji, mpaka, na mzigo.

Almagul Menlibayeva, aliyezaliwa Almaty mwaka 1969, alishika njia tofauti kabisa. Yeye hutunga. Katika video yake ya mwaka 2011 iliyopigwa eneo la Aral, binti wa mvuvi anaota kwamba baba yake anaivuka Aralkum akiitafuta bahari iliyobaki, na njiani anakutana na viumbe wa kike wenye miguu minne, wazuri na wa kutisha. Jina la kazi hiyo linatokana na Transoxiana, jina la kale la Wazungu kwa nchi iliyo ng'ambo ya Amu Darya. Mwaka uliofuata alikwenda Kurchatov, mji uliokuwa kitovu cha majaribio ya nyuklia ya Semipalatinsk. Huko, kati ya 1949 na 1989, Wasovieti walifanya majaribio 456, mengine juu ya ardhi, wazi kabisa mbele ya vijiji. Mji wenyewe haukuwekwa kwenye ramani. Uwanja wa majaribio ulifungwa tarehe 29 Agosti 1991, baada ya vuguvugu la wananchi lililoongozwa na mshairi Olzhas Suleimenov.

Wapo wanaomlaumu Menlibayeva kwamba wanawake wake warembo katikati ya mabaki ya meli na saruji wanawauzia watu wa Magharibi ndoto ya Mashariki wanayoitaka. Lawama hiyo ina uzito, hasa pale picha inapokuwa nzuri kuliko inavyostahili mahali pale. Hata hivyo inasahau jambo moja. Hadithi za nyikani zina viumbe wa namna hiyo tangu zamani, na bibi aliyewasimulia wajukuu habari zao hakuwa anamfikiria mtalii. Menlibayeva anaitumia lugha aliyoikuta nyumbani kusema habari ambayo takwimu zimeshindwa kuifanya ikae kichwani mwa mtu.

Tena mandhari aliyoipiga inaendelea kubadilika. Upande wa Kazakhstan, bwawa la Kokaral lililokamilika mwaka 2005 kwa mkopo wa Benki ya Dunia liliyazuia maji ya Syr Darya, na Aral ndogo ya kaskazini ikapanda kwa mita kadhaa, samaki wakarudi na vijiji vikapata kazi. Upande wa Uzbekistan hakuna maji ya kurudisha. Kule wanapanda saksauli, mti mfupi wa jangwani, kwenye sakafu ya bahari ili kuzuia vumbi. Video za 2004 na 2011 tayari ni kumbukumbu za jangwa ambalo halipo tena vilevile.

Milima nayo haikusalimika. Kilele kirefu kuliko vyote vya Muungano wa Kisovieti, chenye mita 7,495 na kilichopo Tajikistan, kilipewa jina la Stalin, mwaka 1962 kikaitwa Ukomunisti, na mwaka 1998 kikapewa jina la Ismoil Somoni, mtawala wa karne ya 9 na 10. Msanii Erbossyn Meldibekov wa Shymkent, Kazakhstan, aliyachukua mabeseni ya bati, akayabonda na kuyafudikiza mpaka yakafanana na vilele vya milima, akayapa majina ya vilele hivyo. Watu nao walihamishwa. Alexander Ugay, msanii aliyezaliwa Kyzylorda mwaka 1978, amefanya kazi kwa kamera za zamani za filamu za milimita 8 na 16. Yeye ni mzao wa Wakorea waliohamishwa kwa nguvu na Stalin mwaka 1937 kutoka Mashariki ya Mbali, watu wapatao 172,000 waliopakiwa kwenye mabehewa na kushushwa nyikani kabla ya baridi.

Lakini mtu aliyelichimba zaidi suala la mahali na kumbukumbu ni Ismailova, na mto wake ni Amu Darya. Wasomi wa Kiislamu waliuita Jaihun. Ukingoni mwake uko Termez, mji wa Imam Tirmidhi, na upande wa kaskazini uko Bukhara alikozaliwa Imam Bukhari mwaka 810. Mwanafunzi wa madrasa wa Tanga au Pemba huyataja majina ya miji hiyo tangu utotoni, kila anaposoma hadithi za Mtume. Katika kazi ya skrini tatu ya mwaka 2016, Ismailova aliufuata mto huo kutoka milima ya Pamir hadi nchi kavu ya Aral, akiwasikiliza wanaoishi kandokando yake. Wapo wenye desturi ya kuamka alfajiri na kuusimulia mto ndoto mbaya, ili maji yaichukue. Ismailova anairekodi desturi hiyo bila kuieleza sana. Mtazamaji anajua mto unaishia wapi, na hivyo anajua pia kwamba ndoto hizo hazifiki baharini.

Mwaka 2017 alitoa kazi mbili zenye uzito sawa. Moja inamhusu chui milia wa Turani, aliyeishi katika vichaka na matete ya mito hiyo na kutoweka katika karne ya 20. Makao yake yalifyekwa kwa ajili ya mashamba, na askari wa Urusi walilipwa kumuwinda. Nyingine inaweka pamoja vitu viwili vilivyo jirani kwenye bonde la Syr Darya. Cha kwanza ni Baikonur, kituo alikorushiwa Yuri Gagarin tarehe 12 Aprili 1961. Cha pili ni kisa cha Korkut Ata, mzee wa hekaya aliyemkimbia Mauti kwa ngamia. Kila alikokwenda aliwakuta watu wanachimba kaburi, akiuliza la nani anaambiwa la Korkut. Mwisho akatandika zulia juu ya maji ya Syr Darya, akakaa juu yake na kupiga kobizi, fidla ya nyuzi mbili za singa za farasi, na Mauti hakuweza kumkaribia maadamu muziki unalia. Alisinzia, nyoka akamuuma. Kaburi linalosemekana kuwa lake lilimezwa na mto. Mwaka 1980 ulijengwa mnara wa kumkumbuka, zege lenye umbo la kobizi na ndani yake mabomba ya chuma yanayolia upepo unapovuma. Mtu mmoja alitaka kuishinda mauti kwa muziki, dola ikataka kuishinda ardhi kwa roketi, na wote wawili walichagua ukingo uleule.

Maonyesho yake makubwa ya Milan, yaliyofunguliwa Septemba 2024 katika jumba la Pirelli HangarBicocca, yalipata jina kutokana na kisa cha Arslanbob, mzee wa hekaya. Inasimuliwa kwamba alikabidhiwa kokwa la tende, akalihifadhi mdomoni kwa karne kadhaa mpaka alipompata mtoto aliyestahili kulipokea, Ahmad Yasawi, aliyekuja kuwa sheikh mkubwa wa kisufi. Jina la Arslanbob limebaki kwa kijiji cha Kyrgyzstan chenye misitu ya miti ya jozi, nako Ismailova alikwenda kupiga filamu. Kisa hicho kinamfaa kwa sababu kinazungumzia elimu iliyohifadhiwa mdomoni, na huko ndiko ilikobaki elimu nyingi ya Asia ya Kati wakati vitabu viko chini ya ardhi.

Kwa miaka mingi kazi hizi zilionekana zaidi ughaibuni kuliko nyumbani. Septemba 2025 hali hiyo ilibadilika ghafla. Almaty ilifungua jumba jipya la sanaa, Almaty Museum of Arts, na Menlibayeva akapewa maonyesho makubwa ya ufunguzi. Mwezi huohuo kituo cha Tselinny kilifunguliwa upya mjini humo katika jengo la sinema la mwaka 1964, lililopewa jina la kampeni ya kiongozi wa Kisovieti Khrushchev ya kulima nyika za Kazakhstan. Mchoro wa ukutani wa Evgeny Sidorkin, uliodhaniwa kupotea, ulikutwa umefichwa nyuma ya ukuta uliowekwa katika ukarabati wa awali. Bukhara nayo ikaanza maonyesho yake ya kimataifa ndani ya madrasa na nyumba za misafara za zamani.

Kazi inayofuata ni ya mafundi zaidi kuliko wasanii. Video za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilirekodiwa kwenye kaseti za sumaku, ambazo huharibika zikikaa, na mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena. Kila kaseti inapaswa kuchezwa, kunakiliwa, na kuandikiwa mahali ilipopigwa, mwaka wake na majina ya waliomo, wakati waliozipiga bado wako hai kuulizwa.